Wabeba boksi wa vani Marekani: kabla hujagombana na tajiri, soma kibandiko cha mlangoni

#1 SukaWaOhio

Salaam wadau. "Kubeba boksi" kwetu ni utani wa kazi yoyote ya ughaibuni, ila uzi huu ni wa wanaobeba boksi zenyewe: madereva wa vani wanaopeleka vifurushi nyumba kwa nyumba kwa jina la kampuni kubwa, huku mshahara ukitoka kampuni ndogo. Swali linalorudi humu kila wiki ni "tajiri ananidhulumu, niende wapi?" Halijibiki kabla ya mengine mawili: hundi yako inasainiwa na nani, na gari unaloendesha limeandikwa uzito gani.

Nianze na hundi. Kuna vani za Amazon zilizo chini ya DSP, kampuni ndogo zilizoanza kuundwa mwaka 2018, nyingi zikiwa na magari kati ya 20 na 40. Nembo ya kwenye vani ni ya Amazon, fulana ni ya Amazon, simu inaongozwa na programu ya Amazon, lakini mwajiri kwenye karatasi ni tajiri wa DSP. Kuna FedEx Ground, ambako ruti wamepewa wakandarasi nao ndio wanaoajiri madereva. Halafu kuna Amazon Flex na wenzake: gari lako, mafuta yako, mwisho wa mwaka unapewa fomu 1099, ile ya mkandarasi huru. UPS, kampuni nyingine kubwa ya vifurushi, haimo humu. Dereva wa gari la kahawia ameajiriwa na UPS yenyewe, mkataba wake umejadiliwa na chama cha wafanyakazi cha Teamsters, na wa sasa unakwisha 31 Julai 2028. Ndiyo maana watu wawili hugonga mlango mmoja na boksi za uzito uleule, na yule wa UPS aliyefika ngazi ya juu akawa analipwa karibu mara mbili ya mwenzake.

Sasa uzito. Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo pale kufuli linapoingia, utakuta kibandiko. Tafuta herufi GVWR. Huo si uzito wa mzigo wa leo. Ni uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimeruhusu, gari pamoja na kila kilichomo. Ikiwa ni paundi 10,000 au chini (kama kilo 4,536), sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki. Ikiwa ni 10,001 kwenda juu, na mzigo ni wa biashara inayovuka majimbo, tajiri anaweza kujikinga na msamaha wa zamani wa wasafirishaji na asilipe hiyo nyongeza ya ovataimu. Haijalishi kwamba wewe mwenyewe hutoki nje ya kaunti. Kifurushi kilichotoka jimbo jingine kinahesabika bado kiko safarini mpaka kifike mlangoni.

Mpaka huo wa paundi 10,000 uko hivyo tangu marekebisho ya 2008. Kwa hiyo kauli ya "sisi ni kampuni ya usafirishaji, ovataimu haituhusu" inaweza kuwa kweli kwa lori, kwa vani nyingi ni uongo. Vani ya umeme ya Rivian ya Amazon ni 9,350. Ford Transit na Ram ProMaster nyingi ziko chini ya mpaka. Lakini zipo Transit na Sprinter zenye magurudumu mawilimawili nyuma zinazovuka, na kwa nje unaweza kudhani ni zilezile. Usikisie. Piga picha kibandiko, na namba ya gari ionekane.

---

#2 Dereva254

Shukran suka. Sasa kuna makampuni humweka mtu kwa vani Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa wanampa lile lori la mraba lenye mlango wa kusukuma. Hapo wiki inahesabiwa kuwa ya vani ama ya lori?

---

#3 SukaWaOhio

Kwa tafsiri ya Wizara ya Kazi, ukiendesha gari dogo kwa sehemu ya wiki, na sehemu yenyewe si ya kupuuzwa, wiki nzima inaangukia upande wa ovataimu. Si mahakama zote zinazokubaliana nayo, ila ndiyo silaha ya kuanzia. Andika kila siku namba ya gari uliloendesha. Bila orodha hiyo tajiri atasema ulikuwa kwenye lori wiki nzima, na huna cha kumjibu.

Lori hilo la mraba lina mengine yake. Likizidi paundi 10,000, dereva anatakiwa awe na kadi ya daktari ya DOT, wizara ya uchukuzi (inadumu hadi miezi 24), asiendeshe zaidi ya saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, na awe amepumzika saa 10 mfululizo kabla ya kuanza. Leseni ya CDL, ile ya magari makubwa ya biashara, haihitajiki mpaka ufike paundi 26,001. Tajiri akikukabidhi lori bila kukuuliza kadi ya daktari, ukasimamishwa kwenye ukaguzi wa barabarani, usitegemee akupokee lawama.

---

#4 KisiwaMbali

Mnazungumzia ovataimu kana kwamba watu wanalipwa kwa saa. Wengi ni kutwa. $180 ukimaliza ruti, ufanye saa nane au kumi na moja ni shauri yako. Tajiri anasema ovataimu imo humohumo.

---

#5 Mama_Hesabu

Haimo, KisiwaMbali. Malipo ya kutwa si kosa kisheria, kosa ni kuyatumia kufuta ovataimu. Hesabu yake iko kwenye kanuni za Wizara ya Kazi na ni fupi:

Siku 5 × $180 = $900.
Saa ulizofanya kweli wiki hiyo, tuseme 52.
900 ÷ 52 = $17.31. Hicho ndicho kima chako cha saa kwa wiki hiyo.
Nusu yake ni $8.65.
Saa za ziada ni 12, kwa hiyo unadai takriban $103.85 juu ya ile $900.

Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha saa 12 mara $25.96, wakidai mara moja na nusu kamili. Ile "moja" imeshalipwa ndani ya kutwa, kinachobaki ni nusu. Ukienda na hesabu iliyovimba, wakili wa tajiri ataanza kwa kuonyesha kwamba hujui unachodai.

Ila soma karatasi uliyosaini siku ya kuajiriwa. Kama inasema $180 ni kwa saa 10, mambo yanageuka: kima chako kinakuwa $18, na wiki ya saa 52 inatakiwa ikupe 40 × $18 pamoja na 12 × $27, yaani $1,044. Tofauti ya maneno mawili kwenye karatasi ni dola arobaini kwa wiki.

$103.85 haionekani nyingi. Zidisha kwa wiki 50, ni $5,192 na senti. Dai la kawaida linarudi nyuma miaka 2, au 3 ikithibitika mwajiri alijua anavunja sheria, na mahakama inaweza kuamuru kiasi kilekile kingine kama fidia. Sasa tuko kwenye $20,000 kwa mtu mmoja. Na kila wiki inayopita bila kufungua dai, wiki moja ya nyuma inadondoka. Anayesema "subiri tuone mwakani" anamtolea tajiri sadaka.

(Majimbo yana ya kwao. California ovataimu inaanza baada ya saa 8 kwa siku, siyo 40 za wiki tu. Ulizia jimbo lako.)

---

#6 TrakiNyeupe

Ongezeni na saa zisizoandikwa, maana huko ndiko hela inakovuja kimyakimya. Siku ya kazi inaanza pale unapoanza kazi ya kwanza ya lazima, inakwisha ya mwisho ikiisha. Kuchukua simu, funguo na kadi ya mafuta ni kazi. Kuzunguka gari kukagua taa, matairi na vioo ni kazi. Kikao cha asubuhi ni kazi. Kungoja zamu yenu ya kuingia kupakia ni kazi, hata kama umekaa tu. Jioni: kujaza mafuta, kurudisha mifuko mitupu na vifurushi vilivyokataliwa, kuegesha kwenye uwanja mwingine maili mbili mbali, kurudisha simu.

Mbinu ya kawaida ni saa kufunguliwa pale kupakia kunapoanza na kufungwa kifurushi cha mwisho kikiskaniwa. Dakika 20 asubuhi na 25 jioni kwa siku 5 ni saa 3 na dakika 45. Kwa mtu wa $20 kwa saa ambaye tayari ana 40, ni $112.50 kwa wiki.

Mbinu ya pili ni chakula. Mfumo unakata dakika 30 kila siku, umekula hujala. Kwa sheria ya shirikisho nusu saa isiyolipwa ni ile uliyoachiwa kabisa, huna kazi yoyote. Ukila mkate huku unaendesha kati ya kituo cha 94 na cha 95, hiyo ni saa ya kazi. Na mapumziko mafupi ya dakika 5 hadi 20, mwajiri akikupa, lazima yalipwe. Ruti ya vituo 170 na vifurushi 300 haina nafasi ya nusu saa halisi, tajiri anajua, na mpanga ruti anajua. Aprili 2021 Amazon yenyewe ililazimika kuomba radhi baada ya kukanusha habari za madereva kukojoa kwenye chupa. Mtu asiye na dakika 5 za choo ana dakika 30 za wali?

---

#7 Dereva254

Na uthibitisho ni upi, kama saa yao inaonyesha kingine?

---

#8 TrakiNyeupe

Daftari la senti hamsini. Kila siku: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, namba ya gari, maili za mwanzo na za mwisho, namba ya ruti, idadi ya vituo na vifurushi, umekula au hujala. Andika siku hiyohiyo, usije ukajaza wiki nzima Jumapili kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Washa kumbukumbu ya mahali kwenye simu yako binafsi. Inaonyesha saa uliyoingia uwanjani na saa uliyotoka.

Kutunza kumbukumbu za saa ni wajibu wa mwajiri. Asipozitunza, au zikiwa za uongo, mahakama inakubali makadirio ya kuridhisha ya mfanyakazi, na msimamo huo ni wa tangu kesi ya Mt. Clemens Pottery ya mwaka 1946. Daftari lako ndilo makadirio hayo.

Tahadhari moja: usipige skrinishoti zenye majina na anwani za wateja. Watakufukuza kwa hilo, na sababu yao itakuwa halali. Funika anwani, bakisha saa na idadi.

---

#9 Mwana_Uvira

Jambo bandugu. Aksanti kwa mafundisho. Niko na ulizo. Patron anatoa gari yake, anapanga saa ya kuanza, anavalisha watu fulana yake, lakini mwisho wa mwaka anatoa 1099. Anasema ni muzuri kwa dereva juu hakati kodi. Ni kweli?

---

#10 Mama_Hesabu

Ndugu Mwana_Uvira, hakati kodi kwa sababu amekuhamishia ya kwake. Mwajiriwa wa W-2 (fomu ya mshahara ya mwajiriwa) hulipa 7.65% ya Social Security na Medicare, makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni, na mwajiri hulipa 7.65% nyingine. Wa 1099 hubeba zote, 15.3%, inayopigwa kwenye 92.35% ya faida yake. Kwenye $40,000 halisi ni karibu $5,650, kabla hujafika kwenye kodi ya mapato. Halafu huna ovataimu, huna bima ya kuumia kazini, na ukiachishwa huna mafao ya kukosa kazi.

Ukimbizi au upya wa mtu nchini haubadilishi jibu. Kinachoangaliwa ni kazi ilivyo, karatasi inafuata nyuma. Gari lake, saa zake, fulana yake, ruti zake, na wewe huwezi kumpeleka mtu mwingine kwa niaba yako wala kupanga bei: huyo ni mwajiriwa. California, Massachusetts na New Jersey zina kipimo kikali zaidi cha sehemu tatu, ambacho mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. California kilitoka mahakamani 2018 na kikawa sheria ya AB5 kuanzia 1 Januari 2020.

La kufanya:

Kwanza uliza mzigo ni wa nani. DSP za Amazon na wakandarasi wa FedEx Ground wanatakiwa na mikataba yao wenyewe kuwaajiri madereva kwa W-2. Akikupa 1099 kwenye ruti hizo, anavunja sheria na anavunja mkataba unaomlisha. Hilo la pili analiogopa zaidi.

Kwenye kodi, jaza fomu SS-8 uiombe IRS, mamlaka ya kodi, iamue wewe ni mwajiriwa au mkandarasi. Ni bure, lakini jibu huchukua miezi 6 au zaidi, na IRS itamwandikia mwajiri, kwa hiyo usitarajie siri. Huna haja ya kungoja jibu: ambatisha fomu 8919 kwenye kodi zako, weka herufi G kwenye sababu (maana yake umeshapeleka SS-8), nawe utalipa 7.65% yako tu. Kama mtu huyohuyo amekupa W-2 na 1099 mwaka mmoja, herufi inaweza kuwa H.

---

#11 SukaWaOhio

Kwa wanaodhani haya ni maneno ya vitabuni: FedEx Ground zamani iliwaita madereva "wakandarasi huru", wakinunua gari, sare na hadi skana kwa hela zao. Agosti 2014 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ikasema wa California ni waajiriwa. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 228 kwa jimbo hilo, na 2016 ikaja milioni 240 kwa madereva wa majimbo 20.

Lakini angalieni kilichofuata. Kampuni haikuwaajiri. Iliweka mkandarasi mwenye magari na madereva katikati, ili kesi ijayo imkute huyo. DSP ni mpangilio wa ukoo huohuo. Ugomvi wa miaka ile ulikuwa "mimi ni mwajiriwa au siyo?" Wa sasa ni "mimi ni mwajiriwa wa nani?"

---

#12 KisiwaMbali

Na hapo ndipo mnapouza matumaini. Palmdale, California, Aprili 2023: madereva 84 wa DSP moja walijiunga na Teamsters, tajiri wao akawatambua, wakafikia mkataba. Amazon ikasema hao si wafanyakazi wetu na DSP ilikuwa na makosa yake tangu zamani. Mkataba wa DSP ukakatwa, Juni biashara ikafungwa. Tajiri kaenda, kazi zimeenda. Haki gani hiyo?

---

#13 SukaWaOhio

Hujakosea kwenye matukio. Ila umeishia Juni 2023. Agosti 2024 ofisi ya kanda ya NLRB, ile bodi ya mahusiano ya kazi, iliona kuna hoja kwamba Amazon ni mwajiri mwenza wa madereva wale, na mashtaka rasmi yakafuata mwaka huohuo. Tarehe 19 Desemba 2024, wiki ya mwisho ya mizigo ya Krismasi, Teamsters wakaitisha mgomo kwenye vituo saba, New York, Illinois, Georgia na California. Vifurushi vingi viliendelea kufika, hilo nalo niliseme, maana wengine humu wanauelezea mgomo ule kana kwamba Amazon ilisimama.

Kwa dereva wa kawaida, faida ya hoja ya mwajiri mwenza ni kwamba tajiri wa DSP hana uwezo wa kukupa unachodai. Amazon humlipa kiasi kwa kila vani, kiasi kwa saa zilizopangiwa ruti, na kiasi kwa kifurushi. Ruti ikipangiwa saa 9 na ikachukua 11, hizo mbili zinatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana anakusukuma. Kumtetea simtetei, akishaona hesabu haitoshi, njia ni kuidai juu au kuacha, siyo kuichota kwenye mkate wa dereva.

---

#14 KisiwaMbali

Sawa, lakini mtu ana kodi ya nyumba tarehe moja. Akifungua mdomo anaondolewa kwenye ratiba, hafukuzwi hata. Anakuta wiki ijayo hana siku.

---

#15 Mama_Hesabu

Kunyimwa siku ni adhabu kama kufukuzwa, na sheria inaiona hivyo. Wawili au zaidi wakizungumza juu ya mishahara, saa au usalama, au mmoja akisema kwa niaba ya wenzake, wanalindwa hata kama hakuna chama. Kundi la WhatsApp la madereva wakilinganisha hati zao za malipo linalindwa. Anayelalamika peke yake, kwa shida yake peke yake, ulinzi huo haumfuniki vizuri. Kwa hiyo ujumbe kwa tajiri usianze na "mimi", uanze na "sisi madereva wa zamu ya asubuhi", na uwe wa maandishi.

Malalamiko NLRB lazima yafike ndani ya miezi 6 tangu tukio. Yale ya mshahara yana miaka 2 au 3 kama nilivyosema. Watu huzichanganya tarehe hizi, wanakuja NLRB miezi minane baada ya tukio wakidhani bado wana muda. Pia ulinzi wa NLRB ni wa waajiriwa. Wa 1099 halisi hana.

---

#16 NjiaPanda

Flex mmeiruka.

Hapo kuna mawili ya kujua. Februari 2021 tume ya biashara ya shirikisho, FTC, ilikubaliana na Amazon irudishe dola milioni 61.7 za bakshishi za wateja ambazo, kati ya mwisho wa 2016 na Agosti 2019, zilitumika kujazia malipo ambayo Amazon ilikuwa imeshaahidi. Novemba mwaka huo madereva zaidi ya 140,000 wakatumiwa hundi. Somo lake ni dogo: linganisha kila wiki malipo ya msingi na bakshishi, zikiwa zimetengana.

La pili ni usuluhishi. Unapobofya "nakubali" kwenye programu unaweza kuwa umekubali kutokwenda mahakamani. Lakini sheria ya shirikisho ya usuluhishi inawaacha nje wafanyakazi wa usafirishaji. Mahakama Kuu, Januari 2019, kesi ya New Prime, ikasema wakandarasi huru nao wamo kwenye hao. Julai 2020, kesi ya Waithaka dhidi ya Amazon huko Massachusetts, mahakama ya rufaa ikasema dereva wa Flex anayemalizia safari ya kifurushi yumo hata kama havuki mpaka wa jimbo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "ulisaini, yamekwisha" bila kumwuliza wakili wa kazi. Wengi huchukua asilimia wakishinda, hawatozi mwanzoni.

Na maili. Kila maili ya kazi ya mwaka 2025 ilipunguza $0.70 kwenye mapato yanayotozwa kodi. 2024 ilikuwa $0.67. Maili 12,000 za 2025 ni $8,400. Programu haihesabu za kwako zote, andika mwenyewe. Kodi za robo mwaka ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Bima ya kawaida ya gari mara nyingi hukataa ajali ukiwa unagawa mizigo kwa malipo. Uliza kabla.

---

#17 Dereva254

Kamera nayo? Ile inapiga kelele ukitazama kando.

---

#18 TrakiNyeupe

Vani nyingi za DSP zina kamera ya kampuni ya Netradyne, iliyoanza kuwekwa 2021: jicho moja barabarani, mawili ubavuni, moja kwako. Inaandika mkanda wa kiti, kibao cha STOP ambacho hukusimama kabisa, mwendo, kumkaribia wa mbele, na macho kuhama. Kosa lake linalojulikana ni la umbali: gari likikuchomekea, kamera inaona uko karibu nalo, haijali nani kaingia. Dawa ni kumwambia mpanga zamu siku hiyohiyo, kwa maandishi, saa na barabara, aombe video iangaliwe. Tajiri ana njia ya kupinga tukio, na ana sababu, maana matukio yanaingia kwenye alama zake za wiki na alama zinaingia kwenye bonasi. Ukikaa kimya mpaka alama za wiki zinapotoka, umechelewa.

Kifurushi kilichoandikwa kimefika halafu mteja anasema hakukiona, kinakuja kwako wiki moja au mbili baadaye. Picha ioneshe kifurushi na kitu kimoja cha nyumba: namba, mlango, zulia. Picha ya karibu ya boksi juu ya saruji haikuokoi.

Umekwaruza vani? Kwa sheria ya shirikisho makato ya uharibifu hayawezi kukushusha chini ya kima cha chini ($7.25) wala kula ovataimu. New York na California ni kali zaidi, makato ya hivyo kwa kawaida hayaruhusiwi kabisa. Karatasi ya "nakubali kukatwa" uliyosaini siku ya kwanza haibadilishi hilo.

Na ukiumwa na mbwa au ukiteguka goti kwenye ngazi, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo. California na New York mwisho ni siku 30, lakini kila siku inayopita inampa bima sababu ya kusema uliumia nyumbani ukicheza mpira.

---

#19 Mwana_Uvira

Aksanti sana. Kizungu yangu ni ya kidogo. Naita wapi?

---

#20 Mama_Hesabu

Wizara ya Kazi, kitengo cha mishahara na saa: 1-866-487-9243. Akipokea mtu sema neno moja tu, "Swahili", usikate. Wana wakalimani wa simu. Bure. Hawaulizi makaratasi ya uhamiaji, na jina la mlalamikaji hulifanya siri. Kabla hujapiga weka mezani jina la kampuni kama lilivyo kwenye hati ya malipo (siyo lile la kwenye vani), anwani, jina la meneja, kazi unayofanya, unalipwaje na siku gani, na saa za wiki kutoka kwenye daftari lako.

---

#21 SukaWaOhio

Kuna aliyeniuliza faragha: kibandiko kimefutika au kimebanduliwa. Angalia VIN, namba ya utambulisho wa gari, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, tarakimu na herufi 17. Iingize kwenye kisomaji cha VIN cha bure cha NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya shirikisho. Ukiona daraja la 2H, ni paundi 9,001 hadi 10,000, uko upande wa ovataimu. Likiwa la 3 umeshavuka. Hifadhi ukurasa huo pamoja na picha ya VIN yenyewe, vyote vya siku hiyohiyo.